Wamekataa kuitengeneza konsoli kwa waranti, wanasema imeingia maji: nifanyeje?

Swali: Naishi Kisauni, Mombasa. Miezi saba iliyopita nilinunua konsoli ya mkononi ya kuchezea gemu, ya aina ile inayotumia Windows, kwa shilingi 92,000 katika duka moja mjini. Duka lilinipa kadi yake lenyewe ya waranti ya miezi 12. Mwezi wa tano tangu niinunue, joistiki ya kushoto ilianza kujisogeza. Nikawaandikia WhatsApp, wakanijibu nifanye apdeti. Mwezi wa saba ikaacha kuchaji kabisa. Nikaipeleka, na baada ya wiki mbili wakasema stika ya ndani imegeuka nyekundu, kwa hivyo imeingia maji na waranti imekufa. Tena wakasema niliifungua mwenyewe, na hilo ni kweli: nilibadilisha SSD (diski ya kuhifadhia) nikaweka ya terabaiti 1. Wanataka shilingi 41,500 wabadilishe bodi nzima, la sivyo niichukue kama ilivyo. Haijawahi kumwagikiwa na kitu. Nina haki gani, na nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, usilipe hizo 41,500, na usitie sahihi idhini yoyote ya matengenezo kwa sasa. Bodi ya zamani ndiyo ushahidi wako mkubwa. Ikishatolewa na kutupwa, hakuna fundi wala mwamuzi atakayeweza kusema tena kama kweli iliingia maji.

Ichukue mashine yako kama ilivyo. Watakupa kadi ya kazi utie sahihi, na mara nyingi kadi hiyo huwa na mstari unaosema umekubali matokeo ya uchunguzi. Andika kwa kalamu kando ya sahihi yako: "Nimepokea mashine. Sikubali matokeo ya uchunguzi." Piga picha kadi hiyo kabla hujaondoka kaunta. Linganisha pia namba ya mashine iliyochapwa mgongoni na ile iliyo kwenye boksi, uwe na hakika umerudishiwa yako.

Duka limekuchanganyia mambo matatu yakaonekana moja: joistiki, kuchaji, na kufungua. Uyatenganishe, kwa sababu kila moja lina jibu lake, na moja kati ya hayo umeshalishinda karibu lote.

Hilo ni la joistiki. Ndani ya joistiki nyingi za konsoli za mkononi mna tabaka mbili nyembamba za kaboni, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini, na ulimi mdogo wa chuma husugua juu yake kila unaposukuma. Kaboni ikilika, au unga wake ukijikusanya, umeme unaosomwa wakati umeachia kidole hauonyeshi tena katikati, na mchezaji wako anatembea peke yake. Huo ni uchakavu wa kipuri. Tena ulilalamika mwezi wa tano, kwa maandishi, mashine ikiwa inachaji na kuwaka vizuri, na wao wakakujibu bila kutaja maji. Ujumbe huo wa WhatsApp ni wa thamani kuliko kadi ya waranti yenyewe, kwa sababu unaonyesha kasoro ilikuwepo ndani ya muda, kabla ya ubishi wa stika. Tatizo hili linajulikana dunia nzima: mwaka 2023 Nintendo ilikubaliana na Tume ya Ulaya kutengeneza bure joistiki za Joy-Con, vidhibiti vya konsoli yake ya Switch, zinazojisogeza katika Umoja wa Ulaya, hata waranti ikiwa imekwisha. Makubaliano hayo hayalifungi duka la Mombasa, ila yanamzima anayetaka kukuambia joistiki hujisogeza kwa sababu ya mtumiaji tu.

Konsoli ikiwaka hata dakika chache, fungua Windows, andika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafuta, ingia kwenye sifa za kidhibiti. Utaona alama ya kujumlisha ndani ya kisanduku. Weka mashine mezani, mikono mbali, urekodi video ya nusu dakika. Alama ikikaa pembeni au ikitetemeka bila kuguswa, hata baada ya kufanya kalibresheni (kuirekebisha katikati upya), ni hitilafu ya kipuri na apdeti haitaiponya.

Sasa kuchaji, na hapa ndipo utashinda kesi au utashindwa. Stika ile ni karatasi yenye rangi inayosambaa ikiguswa na majimaji. Inasema jambo moja tu: mahali hapo ilipobandikwa paliwahi kulowa. Haisemi lini, haisemi ni kiasi gani, wala haisemi kwamba kilichoharibika kiliharibiwa na unyevu huo. Duka linapaswa kukuonyesha kiungo kati ya maji na kipuri kilichokufa. Mpaka sasa halijakutajia hata kipuri chenyewe, limesema tu "bodi".

Kwa hivyo barua yako ya kwanza isiwe ya hasira wala ya vifungu vya sheria. Iwe ya kuomba vitu vitano kwa maandishi: picha ya bodi nzima ionyeshe stika ilipo, picha ya karibu ya alama wanayoiita ya maji, picha moja ambayo ndani yake namba ya mashine na bodi vinaonekana pamoja, jina la kipuri kilichoharibika na vipimo vya umeme walivyopata, na jina la fundi na tarehe aliyoifungua. Wape siku 7. Duka lenye fundi aliyefanya kazi kweli litakuwa na hivi vyote kwenye simu yake. Lisipokuwa navyo, ukimya wao utaingia kwenye faili lako.

Ukiwa unasubiri, jipimie mwenyewe. Tafuta chaja nyingine ya USB-C ya wati 65 au zaidi, inayotoa volti 20, pamoja na waya wake mzuri. Chomeka, halafu chomoa, geuza kichwa cha waya upande wa pili, chomeka tena. Ikichaji upande mmoja tu, ugonjwa uko kwenye soketi au kwenye njia zinazotoka pale. Kisha azima kile kipimo kidogo cha USB-C ambacho mafundi wa simu hukiweka kati ya chaja na kifaa. Mashine isiyo na hitilafu huanza kwa volti 5 kisha huongea na chaja na kupanda hadi 15 au 20. Ikibaki kwenye 5 na ampea ni sifuri, mazungumzo hayo hayafanyiki: soketi au chipu inayoongea na chaja imekufa. Ikipanda hadi 20 lakini ampea zikabaki kidogo mno, tazama betri na sakiti ya kuchaji betri. Piga picha za kipimo kila hatua.

Sababu ya kupima hivi ni kwamba soketi ya USB-C ina hatari yake ya kimaumbile. Pini zinazobeba umeme mkuu zimepakana na pini zile nyembamba za mazungumzo, na kati yake hamna hata milimita moja. Uchafu, soketi iliyolegea, au tone la unyevu likiunganisha hizo mbili wakati chaja imeshapanda volti 20, chipu ya mazungumzo, ambayo haikuundwa kwa umeme huo, huungua. Hitilafu ya namna hii hutengenezwa kwa kubadilisha chipu au soketi, si bodi nzima. Ndiyo maana nakwambia dai jina la kipuri: linaamua kama 41,500 ni gharama ya haki au ni bei ya kukwepa kazi.

Hatua inayofuata ni ripoti ya fundi huru. Usimwendee wa kubadilisha vioo vya simu. Mtafute anayefanya kazi za bodi, mwenye hadubini na multimita. Mlipe kwa ripoti, si kwa matengenezo, na mwambie mapema asiguse chochote kwa spiriti ya kusafishia kabla ya kupiga picha. Kuifungua bodi kurekodiwe video bila kukatwa, kuanzia skrubu za nyuma.

Maji halisi yana alama zake. Maji ya kawaida huacha duara hafifu la ukingo mweupe. Soda na juisi hunata na kuvuta vumbi. Maji ya bahari huacha chumvi nyeupe na kutu ya kijani kwenye miguu ya vipuri, na huenea. Yote haya hupitia penye njia: matundu ya feni, tundu la kadi, pembeni mwa joistiki, soketi ya chaja. Kwa hivyo mwambie fundi achore stika ilipo, soketi ilipo, na umbali wa katikati yake. Stika nyekundu iliyo karibu na feni, wakati njia yote kutoka hapo hadi soketi ni safi, haielezi kwa nini mashine haichaji. Jihadhari pia na kitu kimoja kinachowachanganya hata mafundi wazoefu: masalia ya dawa ya kulehemu kutoka kiwandani, ya kahawia au yanayong'aa kama gundi kavu kando ya chipu. Kwenye picha mbovu huonekana kama umajimaji.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Watengenezaji husema stika hizi hazigeuki kwa unyevu wa kawaida wa hewani, na kwa jumla ni sawa. Umande ni habari nyingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali isiyo ngeni kwa mtu wa Mombasa, huanza kuacha umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Konsoli iliyolala chumba chenye AC ya nyuzi 20, ikatolewa nje imezimwa, inaweza kulowa ndani bila mtu kumwaga chochote. Kama hayo ndiyo mazingira yako, yaandike. Duka linaweza kujibu kwamba umande nao ni maji. Hoja yako hapo ni kwamba wameuza bidhaa hiyo Mombasa, kwa matumizi ya Mombasa, na bidhaa isiyovumilia kutolewa sebuleni haikufaa kuuzwa hapa. Ni hoja nzuri, lakini isiwe ndiyo nguzo. Nguzo ni kukosekana kwa kiungo kati ya stika na kipuri.

Na nikueleze wazi wakati wa kuachia. Picha zikionyesha kutu ya kijani imezunguka soketi na chipu zake, au utando unaonata umeenea kutoka kwenye tundu, hata kama hukumbuki kumwagika, kwa upande wa kuchaji huna kesi, usipoteze pesa juu yake. Dai joistiki peke yake, na kwa kuchaji tafuta fundi wa bodi akufanyie kwa bei ndogo kuliko yao.

Kuhusu kuifungua. Usirudishe SSD ya zamani ukajifanya hukugusa kitu. Skrubu huonyesha alama za bisibisi, na Windows ina kumbukumbu ya ilipowekwa upya. Ukikamatwa kwa uongo mmoja mdogo, hata WhatsApp yako ya kweli haitaaminika. Sema ulibadilisha, tarehe fulani, na mashine ikaendelea kufanya kazi. Hili unaweza kulithibitisha iwapo itawaka: fungua Command Prompt (dirisha la amri la Windows), andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea faili liitwalo battery-report.html. Humo mna uwezo wa betri ulipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa, na pia historia ya kuchajiwa na kutumiwa. Ikiwa uliweka Windows upya siku ya SSD, historia itaanzia hapo, na kila wiki ya kuchaji vizuri baada ya siku hiyo ni wiki inayosema SSD haikuharibu kitu. Nakili faili hilo pembeni kabla mashine haijarudi mikononi mwa duka, kwa sababu mafundi wa waranti hufuta diski mara kwa mara.

Soma kadi ya waranti neno kwa neno. Kama inasema "waranti haitahusu uharibifu uliosababishwa na kufunguliwa", basi lazima kufungua kuwe ndiko kulikosababisha. Kama inasema "ikifunguliwa waranti imekwisha", kadi hiyo imekuwa ngumu kwako, lakini bado haijakumaliza. Marekani ina sheria ya mwaka 1975 inayobana masharti ya aina hii, na Aprili 2018 tume yao ya biashara iliyaandikia onyo makampuni sita, miongoni mwake ASUS, Microsoft, Nintendo na Sony. Kenya hatuna sheria iliyoandikwa hivyo. Tulichonacho kiko mahali pengine, na watu wengi hawakijui.

Kadi ya waranti ni ahadi ya hiari. Chini yake kuna wajibu ambao muuzaji hawezi kuukimbia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inamtaka afanyaye biashara ya bidhaa fulani auze zenye ubora unaofaa kuuzwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, inarudia wajibu huo na kuongeza kwamba sharti lolote linalojaribu kuufuta ni batili. Hata yale maandishi ya "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hayafui dafu mbele ya kifungu hicho. Kwa hivyo duka likikwambia "nenda kwa mtengenezaji" au "hii ilitoka Dubai", mkataba wako ni na aliyepokea pesa zako.

Ila kuwa na kipimo. Baada ya miezi saba ya kuitumia umeshaikubali bidhaa kisheria, na kudai urudishiwe 92,000 zote kutakudhoofisha. Unachodai ni itengenezwe bure au ulipwe gharama halisi ya kuitengeneza, pamoja na gharama ya ripoti. Na tofauti na Uingereza, ambako katika miezi 6 ya kwanza ni muuzaji anayebeba mzigo wa kuthibitisha, hapa anayedai ndiye huthibitisha. Wewe utathibitisha kasoro. Lakini Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 109, inamtwisha mzigo yule anayetaka jambo mahususi liaminiwe: wao ndio wanaosema maji, basi wao wayaonyeshe maji.

Ripoti ikiwa upande wako, andika barua ya madai. Iwe ukurasa mmoja, kwa mfano:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu konsoli yenye namba hii kwa shilingi 92,000. Tarehe fulani niliwaarifu kwa WhatsApp kuhusu joistiki. Tarehe fulani iliacha kuchaji. Mmekataa kuitengeneza mkidai maji. Ripoti ya fundi iliyoambatanishwa inaonyesha hakuna kutu wala alama ya umajimaji kwenye soketi na sakiti ya kuchaji, na kwamba kipuri kilichoharibika ni hiki. Bidhaa haikuwa na ubora unaotakiwa na kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji. Naomba muitengeneze bure, joistiki na mfumo wa kuchaji, au mnilipe shilingi kadhaa, ndani ya siku 14. Mkishindwa nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo bila kuwaarifu tena."

Ipeleke kwa mkono, wapige muhuri nakala yako, na uitume pia kwa barua pepe. Maduka mengi hulegea hapa. Wakikubali kutengeneza joistiki bure na kukutoza kipuri tu cha kuchaji bila ufundi, mimi ningekubali, mradi waandike waranti mpya ya angalau miezi 3 juu ya kazi hiyo.

Wasipojibu una milango miwili, na unaweza kuipiga yote. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji, na kumdanganya mnunuzi kuhusu waranti ni kosa chini ya kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani. Mamlaka huchunguza, usiitegemee kukupa pesa yako kwa haraka. Pesa utaidai Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huhitaji wakili, Kiswahili kinakubalika, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60.

Watu huangukia mambo mawili pale. La kwanza ni kumshtaki asiye sahihi. Jina kwenye ubao wa duka si lazima liwe jina la biashara iliyosajiliwa. Tazama risiti ya kodi na jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa ulipolipa, kisha fanya upekuzi wa usajili kupitia eCitizen. La pili ni picha za skrini zilizochapwa tu na kuwasilishwa. Ambatanisha cheti cha ushahidi wa kielektroniki cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: ukurasa unaotaja simu iliyotumika, kwamba ilikuwa inafanya kazi sawasawa, nani alipiga na kuchapa, na sahihi yako. Mahakama hii haibani sana kanuni za ushahidi, lakini cheti kinamfungia mpinzani mdomo mapema. Risiti ya duka ipige picha leo hii, kwa kuwa wino wa karatasi hizo hufifia kwenye joto.

Muda unao: madai ya mkataba yana miaka 6. Kilicho na haraka ni betri. Mashine isiyochaji ikikaa miezi betri yake hushuka kupita kiasi na kuharibika, na duka litasema ni uzembe wako. Mwambie fundi anayeandika ripoti aichomoe betri kwenye bodi, apime volti zake na kuziandika. Ukiona mgongo wa konsoli umeinuka au kifuniko kimeachana, betri imevimba. Usiichaji wala kuibonyeza, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na uwaarifu duka siku hiyo hiyo kwa maandishi.